Fundi Kinyaa na Mume wa Kitabuni

Kama hujawahi kushika kiatu cha mtu anayesimama kazini kutwa nzima na kurudia soksi zilezile mpaka zikaweza kusimama zenyewe, mshukuru Mungu wako na usimcheke fundi viatu. Huyu tunayemsema hapa alivishika viatu vya namna hiyo tangu ujana wake, navyo vikamharibu. Si pua tu, vilimharibu roho. Kila kitu kikawa kinamtia kinyaa. Kiatu kikiletwa dukani alikipokea kwa ncha za vidole viwili, akakigeuza, akakunja uso, akasema, "Aka! Hiki umekitoa mguuni au kaburini?" Mteja anacheka kicheko cha aibu, kiatu kinatupwa rundoni, na jina la utani likamganda palepale: Fundi Kinyaa. Hata watoto wake, kabla hawajaoa na kuolewa na kwenda zao, walikuwa wakimwita hivyo akiwa hasikii.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Benchi la wateja ukutani, kigoda chake dirishani, chuma cha kugongea soli katikati ya magoti, kopo la gundi lisilofunikwa, na rundo la viatu vilivyokosa wenzake. Nyuma ya kigoda lilining'inia pazia, na nyuma ya pazia ndiko walikokuwa wakiishi yeye na mkewe. Pazia lile lilikuwa jeupe siku lilipotundikwa. Sasa lilikuwa na rangi ambayo sitaki hata kuitafutia jina.

Ajabu ya mtu huyu, alipenda vitabu. Alivipenda kuliko watu, na watu hawakuona wivu. Ila mikono yake ilikuwa na gundi mchana kutwa, na ukurasa ukigusana na gundi ndiyo basi tena. Kwa hiyo tangu walipooana, mkewe ndiye aliyekuwa akimsomea. Mama huyo alishona ngozi za juu za viatu asubuhi, kwa mashine ya miguu iliyokuwa kule nyuma, akapika, akaosha vyombo, na alasiri akaja kukaa kwenye kiti kidogo karibu na mlango, kitabu mapajani. Mumewe alijaza misumari midogo mdomoni, kama wafanyavyo mafundi viatu, akawa anautoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuupigilia kwenye soli. Mtu mwenye mdomo uliojaa misumari hasemi. Akijaribu, ataimeza. Basi huo ndio ulikuwa wakati pekee katika siku nzima ambapo mwanamke yule aliweza kuanza sentensi na kuimaliza.

Misumari ikiisha, maoni yanaanza.

"Kila mwanamume humu ana kifua kipana," alisema kuhusu riwaya moja ya mapenzi. "Hakuna mwenye kitambi? Hakuna mwenye fangasi? Mimi nawajua wanaume kuanzia chini, mwandishi asinidanganye." Kuhusu kitabu cha upelelezi alisema muuaji alijulikana tangu alipoingia mlangoni, na kwamba kitabu cha maana kingekuwa kile ambacho mpelelezi ndiye anayeuawa, tena mapema. Kulikuwa na mheshimiwa mmoja aliyeandika maisha yake, jinsi alivyokwenda shule peku. "Aje hapa nimwone nyayo," akasema fundi, akatema. Na vile vitabu vya kukufundisha kufanikiwa hakutaka hata visogee dukani. Alisema vinanuka kuliko raba.

Watu wakayazoea maoni hayo ya bure. Mtu anakuja kuacha kiatu, anauliza, "Fundi, umesoma nini siku hizi? Nisome nini na mimi?" Naye anamjibu, "Soma ukuta." Wengine walikuja na kiatu kizima, wakakichana kisigino wenyewe, ilimradi wapate kisingizio cha kukaa benchini wasikilize. Fundi redio wa duka la pili, mtu mnene mwenye huruma nyingi, ndiye alikuwa haondoki. Alipenda hadithi za mapenzi mpaka basi, na hakukata tamaa ya kumwongoa jirani yake.

"Jirani, hiki lazima ukisome. Kimenitoa machozi."

"Machozi yako hata kitunguu kinayatoa."

Benchi zima linaangua kicheko. Na mimi nakwambia, katika miaka yote ile ya vitabu na vicheko, hakuna hata mmoja aliyemgeukia yule aliyekuwa akisoma, sauti imemkauka, akamuuliza, "Na wewe mama, umekionaje?" Jamani, hata mimi nikikumbuka naona haya kwa niaba yao.

Sasa, mama huyo alikuwa na dada yake mkubwa katika mji mwingine. Dada alikuwa na mgahawa, na mgahawa ulikuwa umekua ukamzidi nguvu. Akatuma neno: mdogo wangu, njoo tushike kazi hii pamoja, chumba chako kipo, kina dirisha kubwa, na hapa utaheshimiwa. Shemeji yake angepita na pikapu siku ya Ijumaa akitoka kununua bidhaa. Kama anakwenda, apande. Kama haendi, aseme, watafutwe wengine.

Mama alimweleza mumewe, tena kwa adabu.

"Baba watoto, dada ananiita nikakae kwake, tufanye kazi. Unasemaje?"

Fundi alikuwa na misumari mdomoni. Alisema, "Mmh." Alipoimaliza yote ndipo akaongeza, "Utajua mwenyewe. Ila buti za mlinzi nani atazishona?"

"Hilo ndilo jibu lako?"

"Sasa unataka jibu gani? Nikupigie ngoma?"

Mama akaingia ndani. Na usidhani fundi hakuogopa. Alijua vizuri kwamba mwanamke yule akitoka, duka litabaki na rundo la viatu na mtu mmoja anayekunja uso, na alasiri zitakuwa kimya, na yeye atabaki akisikiliza nyundo yake mwenyewe mpaka kufa. Kila asubuhi alitupia jicho juu ya kabati, kuona kama sanduku la safari limeshuka. Likiwa bado juu, moyo unatulia. Lakini kumwambia mkewe "baki"? Neno fupi hilo lilimshinda. Aliona kama kuramba soli ya mtu. Akajiambia ataenda wapi, huyu nimemzoea, wanawake wote hutishia. Ndivyo wanavyosema wote kabla hawajaachwa.

Kitabu kile kililetwa na nesi mmoja wa hospitali ya jirani, mteja wa siku nyingi, mwenye viatu vyeupe visivyonuka, na kwa hiyo mtu pekee ambaye fundi alimheshimu. Alikuwa amekivika gazeti, kama alivyofanya vitabu vyake vyote, visichafuke wodini. Alimpa mama mkononi.

"Dada, hiki msomee mzee wako. Kizuri sana. Nimekimaliza nikakirudia."

"Kinahusu nini?" fundi akauliza kutoka kwenye kigoda.

"Nikikuambia utakitukana kabla hujakisikia. Sikiliza kwanza."

Alasiri ileile mama alikaa kitini, akafungua, akasoma kimyakimya kidogo. "Huu mwanzo nauruka," akasema. "Una msiba."

"Ruka," fundi akasema, akajaza misumari.

Akaanza. Kulikuwa na mke na mume katika nyumba ndogo. Mume alikuwa fundi saa, hodari wa kazi yake, na mke alimsaidia. Hapo fundi viatu alitikisa kichwa kwa kuridhika, maana kwa mara ya kwanza kitabu kilimzungumzia mtu anayefanya kazi. Lakini hakuridhika sana. Yule fundi saa, akishakula, alisukuma sahani kwa mguu, akajipangusa mikono kwenye pazia, akasema neno moja: "Chumvi." Kisha akalala.

Fundi akaitema misumari kabla ya wakati. "Chumvi imefanyaje? Ilizidi au ilipungua?"

"Haikuandikwa," mama akajibu. "Alisema chumvi, basi."

"Mtu gani huyo! Mke amepika, yeye anasema chumvi! Endelea."

Akaendelea siku ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Benchi likajaa. Fundi saa alikohoa, akatemea kwenye kikombe ambacho mkewe alikuwa bado anakinywea. Fundi saa alikata kucha za miguu juu ya meza ya kulia, zikarukia kwenye bakuli la sukari, na asubuhi mkewe akamtazama yeye mwenyewe akikoroga chai yake, akakoroga, akanywa, wala hakumwambia. Hapo benchi zima lilipiga kelele. Mama mmoja aliyeleta sandali alifunika mdomo akatoka nje kutema. Fundi redio aliuliza kama kutakuwa na mapenzi huko mbele, akaambiwa asubiri.

Lakini hakuna aliyechukizwa kama Fundi Kinyaa. Aligongea soli kwa hasira mpaka misumari ikapinda. "Binadamu hawezi kuwa hivyo," alisema. "Mwandishi ametia chumvi. Au basi ameishi na nguruwe." Akawa hana habari nyingine. Anayekuja kuchukua kiatu anasimuliwa habari za fundi saa. Anayepita barabarani anaitwa aje asikie. "Usikisome," alimwambia kila mtu. "Kitakutapisha. Kuna mwanamume humo, ukikaa naye chumba kimoja utatamani kujifukia." Na huku anasema, mwenzangu, mikono yenye gundi anaipangusa kwenye pazia. Nani alimwambia? Hakuna. Wengine hawakuona, na mkewe alikuwa ameinamia kitabu.

Kisha yakaja mambo yasiyochekesha. Mke wa fundi saa aliugua homa, akawa anatetemeka kitandani asijue ni asubuhi au jioni. Mumewe alisimama mlangoni, hakuingia, akauliza, "Sasa leo nani anapika?" Benchini hakucheka mtu. Halafu mama yake huyo mke akafariki. Akasafiri kwenda kuzika, akarudi amevimba macho, hajala, hajalala. Mumewe alimkuta kizingitini, wala hakumpa pole. Alimpokea sanduku, akaligeuza upande huu na upande huu, akasema, "Sanduku langu umelikwaruza hapa, karibu na kufuli."

Sauti ya msomaji ilikwama hapo. Akakohoa, akageuza ukurasa, akaendelea.

Fundi hakugongea tena. Alikuwa amekaa na kiatu mapajani, uso umemkunjamana, na jicho la upande mmoja linamlengalenga machozi, jambo ambalo hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kuliona. "Mshenzi," alisema kwa sauti ndogo. Mdomo ulikuwa bado na misumari, hivyo lilitoka kama mluzi. Lakini lilisikika.

Siku ya Alhamisi mama alisoma kidogo tu. Mke wa fundi saa alikuwa amepata mahali pengine pa kwenda, mahali pazuri, na hakujua afanye nini. Alikuwa amezeeka kidogo. Alimzoea yule mtu. Tena, aliandika mwandishi, kulikuwa na alasiri ambazo walikaa pamoja na haikuwa vibaya, na alasiri hizo ndizo zilizomfunga miguu. Mama akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani.

"Baba watoto," akasema, "huyu mke, kama wewe ndiye unamshauri, ungemwambia nini? Abaki au aende?"

Fundi aliitema misumari yote kiganjani, kwa haraka, mmoja ukaanguka sakafuni. Alisimama. Mtu yule hakuwa akisimama hata kwa mteja.

"Aende!" akasema. "Tena aende leo, asingoje kesho! Asiage! Akiaga atapewa lawama za chumvi. Mwanamke aliyevumilia yote hayo, akibaki hata siku moja zaidi, basi mimi kitabu hiki nakitia moto kwa mkono wangu, nesi anidai."

"Na mumewe? Atabaki peke yake. Humuonei huruma?"

"Huruma ya nini? Alipewa mtu, akaona amepewa kijiko. Akae na saa zake."

Benchi likapiga makofi. Fundi redio alisema, "Safi!" na kufuta macho. Mama alimtazama mumewe kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Hayo ndiyo maoni yako?"

"Ndiyo maoni yangu, na sibadilishi. Lini mimi nimewahi kubadilisha?"

"Hujawahi," akasema mama, akanyanyuka na kuingia ndani.

Ijumaa asubuhi fundi aliamka na furaha ya mtu aliyesema neno zito likakubalika. Alitupia jicho juu ya kabati: sanduku lipo. Moyo ukatulia. Mkewe alikuwa ameshaamka, yuko nyuma, vitu vinasikika vikisogezwa, na fundi akadhani ni usafi. Siku yenyewe aliikumbuka, lakini sanduku lilikuwa juu, na kwake hilo lilitosha. Akafungua duka. Fundi redio akaja na chai yake kama kawaida. Na kabla jua halijawa kali akaingia nesi, anachechemea, kiatu kimoja mkononi, kisigino kimeng'oka.

"Fundi, nisaidie upesi, naingia zamu. Halafu vipi kitabu? Umekitukana?"

"Kitabu!" Fundi alikipokea kiatu bila hata kukunja uso. "Nesi, mimi nakuheshimu, lakini kile kitabu siwezi kumshauri adui yangu akisome. Kimeandikwa vizuri, sikatai. Mke ni mtu kabisa, unamwona. Lakini yule mume! Toka nianze kusikia vitabu sijakutana na kiumbe kinachotia kinyaa kama yule mume."

"Mume gani?" nesi akauliza.

"Mume. Fundi saa."

Nesi alimtazama, akamtazama fundi redio. "Mbona hakuna fundi saa. Umechanganya na kingine. Kitabu nilicholeta ni cha mjane na mizinga yake ya nyuki. Anapigania shamba na shemeji zake."

"Ndiyo, baadaye labda. Lakini kabla hajawa mjane. Mumewe, yule wa kucha kwenye sukari."

"Mumewe anazikwa ukurasa wa kwanza, fundi. Hata jina hapewi. Ukifika wa pili yuko chini ya udongo."

Fundi redio alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Nesi, usinifanye mtoto," fundi akasema. Sauti ilikuwa imempanda. "Nimekisikiliza wiki nzima. Watu wote hapa wamesikia. Jirani, si umesikia? Anatemea kwenye kikombe. Mke anaumwa, yeye anauliza nani anapika. Mke anarudi kutoka kumzika mama yake, yeye anasema sanduku langu umelikwaruza hapa, karibu na..."

Akasita. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe hewani, unaonyesha mahali pa mkwaruzo, na vidole vilipajua. Vilipajua kwa sababu viliwahi kupita pale. Alikuwa amepapapasa siku ile kizingitini, mchana wa jua kali, mkewe amesimama mbele yake macho yamevimba, naye kidole kinafuata mkwaruzo kutoka kwenye kufuli mpaka pembeni.

Fundi redio, mtu wa huruma, aliinamia chai yake. Nesi macho yake yalikwenda mahali yasipotaka kwenda, kwenye pazia, palipokuwa na alama za vidole, mpya juu ya kuukuu, juu mpaka chini. Akayaondoa upesi, lakini fundi alikuwa ameshayaona. Akageuka naye akalitazama. Na kile kinyaa alichokuwa akiwagawia watu tangu ujana, viatu vyao, vitabu vyao, machozi yao, kilimrudia chote mara moja kikamjaa kooni. Alisikia ladha ya chai yenye sukari. Alitaka kutema, asijue amtemee nani.

Nje honi ililia. Pikapu.

Fundi aliweka kiatu cha nesi chini, akapita pazia bila kuligusa.

Chumba kilikuwa kimefagiwa. Mashine ya kushonea ilifunikwa kitambaa. Mezani kulikuwa na buti za mlinzi, zimeshonwa, zimefungwa kamba pamoja. Mkewe alikuwa amesimama na kapu moja na furushi moja, amevaa nguo yake ya safari, viatu vyake vimepakwa rangi.

"Sanduku lako lipo juu ya kabati," alisema. "Sijaligusa."

Fundi alifungua mdomo. Ulikuwa mtupu, na bado hakikutoka kitu. Mwisho akasema, "Nilikuwa nasema fundi saa."

"Najua."

"Ungeniambia."

"Nimekwambia miaka yote, baba watoto. Nilikuambia habari ya kikombe, ukasema nina maneno mengi. Nilikuambia habari ya mama, ukasema sanduku ni la bei. Nikaona labda ukisikia kwa mtu mwingine utasikia. Ukasikia kweli. Ukalia." Aliweka kapu mkono wa pili. "Ile siku ulipolia nilikaribia kubaki, nisikufiche. Nikasema, kumbe anajua ubaya ukoje. Halafu nikaona, anajua, ila anaujua wa watu."

Honi ikalia tena.

"Mimi nataka kusikia kitu kimoja tu," mama akasema. "Jana hukujua unamsema nani. Leo unajua. Nikuulize tena lilelile. Ungemshauri abaki au aende?"

Huyo hapo Fundi Kinyaa. Neno lilikuwa karibu kuliko siku zote. Baki. Hata kwa goti angeweza sasa, na fundi redio angelia, na mwanamke yule, nakwambia kweli, alikuwa na moyo mwepesi. Kapu angeliweka chini. Na fundi aliyaona yote mawili. Aliiona alasiri, kiti kidogo, sauti ikisoma. Na aliona chai ikikorogwa, mkono wake mwenyewe ukikata kucha kesho na kesho kutwa, maana alijijua. Mtu hageuki kwa sababu ameaibika asubuhi moja mbele ya nesi. Akaona kinyaa, safari hii cha haki, na kinyaa hicho ndicho kilichomnyoosha mgongo.

"Aende," akasema. Sauti ilimtoka mbaya, kama ya mgonjwa. "Maoni yangu ni yaleyale. Aende, na asigeuke."

Mama alimtazama. Machozi yakamshuka, asiyafute kwa sababu mikono ilikuwa imeshika mizigo. Fundi alinyoosha mkono amsaidie furushi, akauona mkono wenyewe ulivyo na gundi, akaurudisha.

"Ahsante, mume wangu," mama akasema.

Akapita pembeni yake, akapita dukani, akawaaga nesi na jirani kwa majina yao ya heshima, akampa shemeji yake kapu na furushi, akapanda. Na kwa kuwa alikuwa mwanamke msikivu, hakugeuka.